Mshale wa temprecha umelala kwenye C? Usifurahi bado

Juzi nilikuwa stage hapa Malindi nasubiri gari ya Mambrui, kijana mmoja dereva akawa anawaonyesha wenzake dashibodi yake kwa furaha, anasema tangu fundi aitoe themostati gari yake haijui kuchemsha, mshale wa temprecha umelala chini kutwa nzima hata jua la saa saba liwake vipi. Wenzake wawili wakauliza huyo fundi yuko wapi na wao wapeleke zao. Nikawaambia ngojeni kwanza, tukabishana pale mpaka gari ikajaa ikaondoka, na mimi nikabaki na maneno mdomoni. Ndo nayaandika hapa, manake hili jambo nalisikia kila siku, kwa wenye Probox, wenye Hiace, hata wazee wa pikapu za shamba, na kila mtu ana jibu lake.

Swali lenyewe ni hili. Saa ya temprecha ikisoma chini kuliko kawaida, ni la kushukuru ama ni ugonjwa?

Ni ugonjwa. Na shida ni kwamba ni magonjwa matatu tofauti kabisa yenye dalili moja, moja linakula petroli yako polepole, moja ni waya tu, na moja litakuulia injini kabla hujafika Gongoni. Ukitibu moja kumbe ni lingine umepoteza pesa, ama umepoteza gari.

Tuelewane maneno kwanza. Saa ama geji ya temprecha ni kile kidude kwenye dashibodi chenye C upande wa baridi na H upande wa moto. Inapima joto la maji yanayozunguka ndani ya injini, haipimi chuma chenyewe, shika hapo maana tutarudi. Sensa ni kitu kidogo cha shaba kama nati kilichofungwa kwenye injini, ncha yake imeingia ndani ya maji, nyuma kina waya. Redieta mnaijua. Themostati ndo inayosingiziwa kila kitu, ni mlango mdogo baina ya injini na redieta, ndani yake kuna nta, injini ikiwa baridi nta ni ngumu na mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, joto likifika kiwango chake nta inayeyuka inafura inausukuma mlango na maji yanaanza kwenda redieta kupoa. Hicho kiwango kimepigwa chapa kwenye chuma chake, Toyota ndogo nyingi utakuta 82, yaani digrii 82, nyingine 88. Haina waya wala kompyuta, ni nta tu na springi.

Sasa kwa nini injini itake joto, na sisi huku pwani joto tunalo la kutosha?

Fikiria mahamri. Karai likiwa na mafuta ya uvuguvugu ukatia hamri linazama, linakunywa mafuta, linatoka zito na ndani halijaiva. Mafuta yakishika moto sawasawa hamri linapanda juu linafura na mafuta hayapungui hivo. Injini ni hivohivo. Petroli inaingia kama vitone vidogo na inatakiwa igeuke hewa kabla ya kuwaka, ndani kukiwa baridi sehemu yake haigeuki, inabaki majimaji kwenye ukuta wa silinda inaosha oili. Kompyuta ya gari ikiona injini bado baridi inaongeza petroli, kama vile gari ya zamani ulivokuwa ukivuta choki asubuhi, tofauti ni kwamba hapa choki imevutwa kutoka Malindi mpaka Mombasa, kilomita 120 na ushei. Plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi, ekzosi inanuka petroli, na ule mvuke wa maji unaotokana na moto wenyewe hauchemki ukatoka, unabaki ndani ya oili unatengeneza ule uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Gari nyingi za otomatiki pia haziingii gia ya juu kabisa mpaka injini ishike moto, kwa hivo unasikia injini inalia barabarani na hujui kwa nini.

Na hilo joto letu la Malindi, hata siku kali ya Februari hewa iko digrii 33 ama 34 hivi. Injini inataka 85, 90, hata 100. Kutoka 33 mpaka 90 bado ni safari ndefu, kwa hivo ule msemo kwamba themostati ni kitu cha nchi za baridi hauna msingi. Nausikia mpaka kwa mafundi ninaowaheshimu, na nasema kwa heshima, si kweli. Gari ya Dubai ina themostati.

Kuna jingine watu hawaambiwi. Gari nyingi za miaka hii mshale wake umetulizwa makusudi, ukishafika katikati unakaa hapohapo joto likiwa 75 ama likiwa 105 hivi, inategemea gari, ili mwenye gari asiwe na wasiwasi kila mshale ukitikisika. Sasa ikiwa gari kama hiyo mshale wake umeshuka chini ya katikati, ujue joto limeshuka sana, si kidogo. Na Vitz nyingi hazina mshale kabisa, zina taa ya buluu ikiwa baridi na nyekundu ikichemsha, ile buluu inatakiwa izime baada ya dakika chache, ukienda nayo mpaka Gede bado inawaka ni kitu kilekile tunachozungumza.

Ugonjwa wa kwanza basi ni injini kweli ni baridi. Themostati imetolewa, ama imekwama wazi, ama feni imeungwa direct inazunguka tangu unapowasha gari. Dalili yake haifichiki. Mjini kwenye foleni mshale unapanda unafika karibu na katikati, ukitoka ukachanganya barabara ya Watamu na upepo wa kusi unapiga mbele mshale unashuka taratibu, ukisimama tena unapanda. Ukiona huo mchezo wa kupanda na kushuka kwa upepo, huna haja ya mashine, hiyo ni themostati. Ukiwa na mashine ya kusomea kompyuta ya gari itakuandikia namba ya kosa P0128, maana yake kompyuta imesubiri maji yapate moto kwa muda wake na hayajapata.

Na hapa kuna jambo ambalo ningetaka kila mwenye gari alijue. Themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili, moja juu na moja chini. Ya juu ikifungua njia ya redieta, ya chini inaziba ile njia fupi ya maji kurudi injini bila kupoa. Ukiitoa themostati umeondoa zote mbili, njia fupi imebaki wazi milele, na maji yanafuata njia rahisi, kwa hivo sehemu ya maji haifiki redieta kabisa. Ndo maana utasikia mtu analalamika gari yake mshale uko chini barabara kuu, halafu akiingia foleni ya feri Likoni na AC imewashwa inachemsha, na fundi anamwambia abadilishe redieta. Redieta haina kosa. Kule kutoa themostati ili gari isichemshe ndiko kunakoichemsha.

Ugonjwa wa pili, injini iko sawa, saa ndo inadanganya. Zile sensa zinafanya kazi kwa njia ambayo ukiielewa mara moja umemaliza. Ikiwa baridi inazuia umeme sana, ikipata moto inaachia. Kwa mfano sensa ya Toyota ndogo, ukiipima na mita kwa digrii 20 inakupa kama ohm 2,400, kwa digrii 80 inashuka mpaka kama 320. Sasa waya ikikatika, umeme haupiti kabisa, na saa inaelewa vipi? Inaelewa kwamba huko ni baridi kupita kiasi. Kwa hivo waya iliyokatika, soketi iliyolegea, kutu kwenye pini, vyote vinaonekana kama baridi. Mshale unakufa kabisa kwenye C na hautikisiki asubuhi wala mchana.

Na huku kwetu kutu ndo mwenyewe. Mwezi wa nane nilichomoa soketi ya sensa kwenye gari ya jirani yangu anayekaa upande wa ufuoni, ile klipu ilikuwa imekauka ikavunjika mkononi, na ndani pini moja ilikuwa haionekani, imejaa unga wa kijani kama ule unaotoka kwenye kichwa cha betri. Alikuwa ameshauziwa themostati mpya na sensa mpya, zote mbili, na mshale bado umekufa. Tulisafisha kwa brashi ya meno na dawa ya kusafishia pini za umeme, tukabana pini kidogo na koleo, mshale ukapanda. Chumvi ya hewa ya bahari inaingia mahali mtu hafikirii.

Jingine ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kwenye gari za zamani zenye sensa ya waya moja, umeme unarudi kupitia mwili wa sensa wenyewe kuingia kwenye chuma cha injini, hiyo ndo eathi yake. Fundi akizungushia tepu nyingi kwenye nyuzi ili isivuje, ameitenga na chuma, na sensa mpya inasoma baridi. Nimeona hii zaidi ya mara moja, watu wanarudisha sensa dukani wanasema ni feki. Kwa gari hizo za waya moja kipimo ni rahisi, swichi ikiwa on chomoa ile waya uiguse kwenye chuma cha injini kwa sekunde mbili tu, mshale unatakiwa ukimbie kwenda H. Ukikimbia, saa na waya viko sawa, kosa ni la sensa ama eathi. Usipotikisika, fuata waya mpaka dashibodi. Kwa gari za kompyuta usiguseguse hivo ukibahatisha, nunua kile kidude kidogo kinachoingia kwenye soketi chini ya usukani kinaongea na simu kwa blututhi, kitakuandikia digrii kwa tarakimu. Lakini kumbuka gari nyingine zina sensa mbili, moja ya saa na moja ya kompyuta, simu ikisema 90 na mshale ukisema C basi injini yako ni nzima na unatafuta fundi wa umeme, si wa injini.

Maji ya kisima pia nayataja. Birika la nyumbani mnaliona lile ganda jeupe linaloshika ndani, ganda hilohilo linashika kwenye ncha ya sensa, linashika ndani ya redieta, na chumvi yake inakula chuma. Tumieni kulanti, yale maji maalum ya redieta ya dukani, na ukikosa kabisa basi maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima.

Ugonjwa wa tatu ndo unaonifanya niandike yote haya.

Ami yangu alikuwa na pikapu ya dizeli, anapeleka bidhaa Marereni na kurudi. Siku hiyo katoka asubuhi, baada ya kuvuka mto Sabaki akaona mshale umepanda kuliko kawaida, akapunguza mwendo, akazima AC, na baada ya dakika chache mshale ukaanza kushuka wenyewe. Ukashuka mpaka chini kabisa. Akasema alhamdulillahi imepoa, akaongeza mwendo. Kilomita chache mbele gari ikaanza kukosa nguvu, ikagonga kwa sauti kama mtu anapiga debe, ikazima. Nilipofika na bodaboda kifuniko cha redieta kilikuwa hakina hata mvuke wa kutoka. Paipu ya chini ilikuwa imepasuka mahali pasipoonekana na maji yote yamebaki barabarani nyuma huko. Silinda hedi ilipinda, pistoni mbili zilishika. Ami yangu si mtu mzembe, alikuwa akiangalia saa wakati wote, na saa ndo ilimwambia aendelee.

Rudi pale niliposema saa inapima maji, haipimi chuma. Mama akimpima mtoto homa na ile temomita ya kwapani, ikichomoka ikaning'inia kwenye shati, itasoma hewa ya chumbani na itasema mtoto hana homa. Mtoto anaungua. Sensa yako ncha yake iko ndani ya maji, maji yakiisha imebaki inaning'inia hewani, na hewa haipitishi joto kama maji, kwa hivo inasoma chini wakati chuma kando yake kinaiva. Hata mfuko wa hewa ulionaswa ndani baada ya kubadilisha maji unaweza kufanya hivo, mshale unacheza, unaruka juu, unaanguka, unaruka tena.

Kwa hivo nawaomba sana, mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla bila wewe kusimama, hiyo si kupoa. Weka kando, zima injini hapohapo, na usifungue kifuniko cha redieta ikiwa moto, maji yaliyobaki yako kwenye presha na yatakurukia usoni, subiri nusu saa, hata zaidi, mpaka uweze kuishika paipu ya juu kwa mkono bila kuiachia.

Sasa ukiwa barabarani utajuaje ni ugonjwa gani? Kuna kipimo ambacho kila gari inacho na hapa Malindi hakuna anayekigusa, ni hita. Kile kitufe cha AC chenye rangi ya buluu na nyekundu, kipeleke kwenye nyekundu mpaka mwisho, zima AC, feni weka ya pili. Hita inapata joto kutoka kwenye maji hayohayo ya injini. Umeendesha dakika 20, mshale uko C, na kwenye matundu inatoka hewa ya moto kama ya tanuri, basi injini ina moto wake na maji yapo, saa ndo mwongo. Ikitoka hewa ya uvuguvugu tu, injini kweli ni baridi, tafuta themostati. Ikitoka baridi kabisa na injini imefanya kazi ngumu, simama, hakuna maji yanayozunguka. Ila hakikisha kwanza hita yako haijakatwa, mafundi wengi huku wanaunganisha zile paipu mbili za hita pamoja wakisema haina kazi, fungua boneti uangalie. Kama imekatwa, irudishwe, hiyo ni jicho lako la pili.

Nyumbani asubuhi kabla ya kuwasha pia kuna kazi ya dakika kumi. Injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko, maji yawe yamefika mdomoni. Usiangalie ile chupa ya pembeni peke yake, inaweza kuwa imejaa na redieta haina kitu. Funga, washa, shika paipu ya juu ya redieta. Inatakiwa ikae baridi kwa dakika kadhaa wakati injini yenyewe inapata moto, halafu kwa ghafla uhisi joto linapita mkononi, hapo themostati imefungua. Ikianza kupata joto kidogokidogo tangu mwanzo, themostati imekwama wazi ama haipo. Gari nyingine zina themostati upande wa paipu ya chini, kwa hizo shika ya chini.

Na ukitaka kujua themostati ni nzima kabla ya kuirudisha, ichemshe. Nimefanya hivo kwa sufuria kuukuu niliyopewa na shangazi kwa sharti isirudi jikoni. Ifunge na uzi uining'inize katikati ya maji isiguse chini, maana chini ya sufuria kuna moto zaidi ya maji. Sisi tuko usawa wa bahari, maji yakitokota ni digrii 100 kamili, kwa hivo muda mrefu kabla hayajatokota, mapovu madogo yakiwa ndo yanaanza kupanda, themostati ya 82 inatakiwa ianze kufunguka, na yakitokota iwe imefunguka milimita 8 ama zaidi, upana wa penseli hivi. Itoe, iache ipoe, inatakiwa ijifunge kabisa usione mwanga ukiielekeza juani. Ya gari ya ule kijana wa stage siijui iko wapi, pengine imetupwa, lakini ile ya ami yangu tuliikuta kwenye boksi la misumari, fundi aliyeitoa zamani alimwachia kama kumbukumbu, na ilipotiwa kwenye maji ilifunguka na kujifunga kama mpya. Haikuwa na kosa lolote tangu siku ilipotolewa.

Ukiirudisha, tia na mpira mpya, na kale kapini kadogo kanakocheza pembeni yake kawe juu, hapo ndo hewa inapotokea. Jaza kulanti polepole, hita iwe kwenye nyekundu, kifuniko wazi, washa uiache isailenti, yaani inguruме bila kukanyaga mafuta, na uongeze kila inaposhuka mpaka mapovu yaishe, paipu zote mbili ziwe moto na feni iwake yenyewe na kuzima mara mbili. Halafu toka nayo. Nenda mpaka Gede na madirisha wazi, upepo wote wa barabara uipige redieta, mshale unatakiwa upande mpaka katikati na ubaki hapo kwenda na kurudi.